Uso Uoshwe Mara Ngapi?



Swali nililopewa kulijibu jioni hii ni fupi: uso uoshwe mara ngapi kwa siku ili uwe na afya? Yapasa kwanza kuuliza, uso wa nani? Kwa maana jawabu la mtu mzima si jawabu la mtoto wa miaka mitatu, na tofauti iliyopo kati ya majawabu hayo mawili ni kubwa kuliko wengi wadhanivyo.

Nitaanza na mtu mzima, kwa kuwa habari yake ni nyepesi. Uso wake watosha kuoshwa asubuhi na jioni, na tena baada ya kazi iliyomtoa jasho jingi. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani hutoa shauri lilo hilo. Ngozi ya mwanadamu hutoa mafuta yake yenyewe, na mafuta hayo ni ulinzi. Mtu akiyaondoa kila mara kwa sabuni kali ya kufulia, au akijisugua kwa dodoki kama asuguaye sufuria, ngozi hukauka, huwasha, hata hupasuka. Vijana wenye chunusi ndio hasa wanaopotea hapa. Hudhani kwamba chunusi ni uchafu, basi huosha mara sita au saba, na kila wakizidi kuosha hali huzidi kuwa mbaya. Chunusi haziletwi na uchafu. Huanza pale mafuta yanapoziba vitundu vya ngozi, na kusugua huziudhi tu. Pengine mtu ataniuliza juu ya Mwislamu atawadhaye mara tano kwa siku. Huyo hutumia maji matupu, bila sabuni na bila dodoki, nami sioni sababu ya kumtilia shaka.

Sasa nakuja kwa mtoto, na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mtoto mdogo hana habari ya uso wake. Makamasi humshuka mpaka mdomoni, tongotongo humjaa pembeni mwa macho, nzi humtua, naye hanyanyui mkono kuwafukuza. Watu wazima humtazama wakasema, ndivyo watoto walivyo. Mahali penye maji tele, pengine hasara yake ni vidonda vidogo vya puani na mdomoni. Katika nchi kavu, hasara yake yaweza kuwa upofu.

Ugonjwa ninaousema ni trakoma, ambao wengi huuita ugonjwa wa vikope. Huletwa na kijidudu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho matupu, kikaacho katika tongotongo na makamasi ya mtoto mgonjwa. Hupita kwa vidole. Hupita kwa ncha ya kanga iliyompangusa mtoto mmoja kisha ikampangusa wa pili. Hupita kwa shuka walalamo watoto watatu pamoja. Na hupita kwa nzi. Mtoto akiambukizwa mara moja aweza kupona asidhurike sana. Lakini huambukizwa tena na tena, na hatimaye upande wa ndani wa ngozi ifunikayo jicho hupata makovu. Miaka hupita. Mtoto huwa mtu mzima, na makovu yale hukaza na kuivuta ngozi, hata nywele za kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho kila apepesapo. Kioo cha jicho hupata jeraha, huwa cheupe, naye haoni tena. Wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu zaidi ya wanaume, hata mara nne katika mahali pengine, na sababu si ngumu kuijua: wao ndio wanaolea watoto, na kila siku mikono yao hugusa nyuso zile.

Mfano mwema tunao Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania. Wasomao historia walijua jina hilo kwa ajili ya mashamba makubwa ya karanga yaliyoanzwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951; karanga zilizopatikana zilikuwa chache, na hasara ikawa kubwa. Ni nchi ya Wagogo, yenye ng'ombe wengi na maji haba, na trakoma ilikuwa imeenea sana kwa watoto wake. Wataalamu walichagua vijiji sita. Katika vyote watoto walitiwa dawa ya macho ya tetrasaiklini kwa siku thelathini. Kisha katika vijiji vitatu waliongeza jambo moja: walikutana na wenyeji, wakazungumza nao kwa kirefu juu ya kuosha nyuso za watoto, na wenyeji wakakubaliana namna ya kuifanya kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Katika vijiji vilivyohimizwa kuosha, trakoma iliyo kali ilipungua kuliko katika vile vilivyopewa dawa peke yake. Na watoto ambao nyuso zao zilikutwa safi mara kwa mara ndio walionusurika zaidi.

Mtu asiyejua maisha ya nchi kavu atasema, basi waoshe, kuna shida gani? Shida ni maji. Mama aliyekwenda mwendo wa saa nzima kisimani, akarudi na debe kichwani, huyahesabu maji yake kama fedha. Kuna ya kupikia, kuna ya kunywa, na mzee wa nyumba naye ana ndama wake. Akimwaga maji juu ya nyuso za watoto ambao baada ya dakika kumi watakuwa wamekwisha kujipaka vumbi, yamkini ataulizwa kwa nini anaharibu mali.

Tufanye hesabu. Debe moja huchukua kama lita 20. Robo ya lita, yaani kikombe kimoja, yatosha kuosha uso wa mtoto mdogo, ikiwa maji hayamwagwi ovyo. Watoto wanne, asubuhi na jioni, ni vikombe vinane, yaani lita mbili: sehemu moja ya kumi ya debe. Ng'ombe mmoja kwa siku aweza kunywa debe zima na kuomba zaidi. Simlaumu mtu kwa kumnywesha ng'ombe wake. Nasema tu kwamba hesabu hii yafaa wanaume waisikie pia, maana mara nyingi mafundisho ya namna hii huambiwa akina mama peke yao, kana kwamba maji ya nyumba huamriwa nao peke yao.

Wala sabuni isiwe kisingizio. Ikiwapo ni njema, lakini tongotongo na makamasi huondoka kwa maji na kiganja cha mkono. Kinachosaidia sana kubana matumizi ni kibuyu chirizi: dumu dogo au kibuyu kilichotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa juu ya miti miwili, kikainamishwa kwa kamba iliyofungwa kwenye kijiti cha kukanyaga. Maji hutoka kwa uzi mwembamba, na watoto hupenda kukikanyaga. Baada ya kuosha, uso uachwe ukauke wenyewe, au kila mtoto awe na kitambaa chake. Kitambaa cha watu wote hurudisha kile kilichooshwa.

Basi mara ngapi? Asubuhi kabla ya kutoka, jioni kabla ya kulala, na katikati yake kila yanapoonekana makamasi au tongotongo. Kwa mtoto hatufuati saa, twafuata uso wenyewe.

Lakini haifai kuahidi mno. Huko Amhara, katika nchi ya Ethiopia, jitihada kubwa ilifanywa kwa miaka mitatu ya kuchimba visima na kufundisha usafi, na habari iliyotolewa mwaka 2022 ilisema kwamba maambukizo hayakupungua kuliko katika vijiji vingine. Kuosha uso hakushiki mahali pa dawa. Dawa iitwayo azithromaisini hutolewa bure na kampuni ya Pfizer tangu mwaka 1998, nayo hugawiwa kwa watu wote wa wilaya iliyoenea ugonjwa. Siku ya kugawiwa, mtu asibaki nyumbani kwa kuwa haumwi. Choo nacho kichimbwe, kwa sababu nzi apendaye macho ya watoto huzaliana katika kinyesi kilichoachwa nje. Oman ilithibitishwa mwaka 2012 kwamba imeuondoa ugonjwa huu usiwe tena tatizo la watu wake, na Malawi mwaka 2022.

Na kama nyumbani kuna bibi ambaye nywele za kope zimekwisha kugeuka, naye huzing'oa kwa kibano kila baada ya majuma machache, ajue kwamba zitaota tena na kukwaruza kama mwanzo. Apelekwe hospitali mapema, kabla kioo cha jicho hakijaharibika. Operesheni yake ni fupi, hufanywa kwa sindano ya ganzi, na kwa kawaida mgonjwa hurudi kwake siku ile ile.