Utafiti wa Nishati ni Mali ya Nani?



Mwezi Agosti mwaka 1977 wanasayansi wa Tanzania na wenzao wa Marekani walikutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati ya jua kwa ajili ya vijiji. Swali lililowakabili lingali linadai jibu: mtaalamu akiisha kufunga vitabu vyake na kuondoka, kijiji kinabaki na nini?

Jibu moja limo mkoani Arusha. Katikati ya miaka ya 1970, SIDO ilianza kueneza mitambo ya gesi ya samadi yenye pipa la chuma lililoelea juu ya uji wa samadi. Gesi ilipatikana. Lakini chuma ni ghali, tena hushika kutu. Mkulima mwenye ng'ombe wawili angepata wapi fedha za pipa jipya kila lile la kwanza linapotoboka?

Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kiliundwa mwaka 1981, na baadaye kikashirikiana na wataalamu wa Ujerumani. Pipa likaachwa. Mahali pake likaja kuba la matofali na saruji, lililofukiwa ardhini, kazi ambayo mwashi wa kawaida huiweza kwa mwiko wake. Hata hivyo saruji nayo hupasuka, na ufa mwembamba kama unywele hutosha kupoteza gesi yote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikapatikana dawa: chini ya kuba iliwekwa pete iliyofanywa dhaifu kwa makusudi, ili ufa ukitokea uishie hapo, usipande juu penye gesi. Hiyo si hekima ndogo. Zizi nalo likajengwa jirani ili kinyesi na mkojo vitiririke vyenyewe shimoni, na masalia yakarudi migombani kuwa mbolea. Muundo huo ulivuka mipaka ukafika Kenya na Uganda, na mwaka 2009 ulipoanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, CAMARTEC ndiyo iliyokabidhiwa utekelezaji.

Mitambo iliyokufa nayo ipo, na haifai kufichwa. Samadi huhitaji maji karibu sawa na kiasi chake kila siku. Pale ambapo mama huteka maji mbali, kumpa mtambo huo ni kumtua kuni na kumtwika ndoo. Mama huyo angeulizwa kabla ya shimo kuchimbwa, angesema.

Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Watafiti watabisha hodi kwenye vikundi vya akina mama na vyama vya ushirika wakiwa na mikataba mikononi. Kabla ya kutia sahihi, chama cha ushirika kina haki ya kudai mambo mawili yaandikwe: jina la fundi wa kijijini atakayefundishwa kuutengeneza mtambo, na siku ambayo matokeo ya utafiti yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji.