Hesabu ya sahani: kupunguza kilo polepole

Maongezi ya komite ya afya mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

Tunajua wengine mmeacha meza zenu sokoni. Tuliombwa tuseme juu ya kilo, na tutasema wazi. Mwenye swali akate tu, asingoje mwisho.

Kuna jambo ambalo siye watu wa kambi tunalijua kuliko wengi. Pale Nyarugusu na Lugufu chakula kilikuwa kinapimwa: unga kwa gramu, maharage kwa gramu, mafuta kwa gramu, mpaka chumvi. Unaonyesha kadi, unapokea, unaenda. Na hesabu ile haikuwa ya kubahatisha. Walioipanga walilenga kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, wakubwa na watoto wakichanganywa pamoja. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, kama lita inavyopima esansi ndani ya tangi ya pikipiki. Rashoni ilipokatwa, hakuna aliyehitaji mwalimu wa kumweleza. Mwili wenyewe ulisema. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuhesabu chakula ni mambo ya Wazungu. Tulikula kwa hesabu miaka na miaka, ila hesabu ilikuwa mikononi mwa wengine. Leo tunaomba kila mmoja aishike mwenyewe.

Tangu 2005, meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma, kila mtu alishika njia yake ya kuishi. Waliorudi shambani, tuseme ukweli, wengi wao hawana haja ya maongezi haya. Anayepanda mlima na jembe asubuhi na kushuka jioni na mzigo wa mihogo kichwani, huyo umwambie nini juu ya mazoezi? Lakini wengine tumekaa: kwenye meza ya soko, kwenye cherehani, ofisini, juu ya pikipiki kutwa nzima. Na mwili uliofundishwa na njaa una tabia yake: chakula kikiwepo, kula, maana kesho hujui. Hatumlaumu mtu kwa hiyo. Ile tabia njo ilituokoa.

Shida ni kwamba mwaka jana sanduku la msaada lilifunguliwa mara mbili kwa wanachama waliopooza upande mmoja. Wote wawili walikuwa na presha, tansio, na hawakuijua. Mmoja tulimzika. Mwingine analishwa na mke wake kwa kijiko, na mama yule ameacha biashara. Presha si ya wanene tu, hata mwembamba anaipata. Lakini kilo nyingi, hasa za tumboni, zinaisukuma juu, na sukari vilevile. Na si lazima urudi mwili wa ujana. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 mpaka 9, presha na sukari mara nyingi zinaanza kushuka.

Kama huna mizani, tafuta kamba. Ipime kwa urefu wako, kutoka utosini mpaka unyayoni, kisha ikunje mara mbili. Zungusha ile nusu kiunoni, usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. (Tumewaona mnavuta.) Ikikataa kufika, tumbo limezidi.

Sasa habari ya midomo ya watu, maana hiyo njo inawashinda wengi kuliko njaa. Kwetu mama mnene ni sifa ya mume wake. Akipungua, majirani wanaanza: ana ule ugonjwa, amerogwa, mume hamtunzi. Mama mmoja wa kundi letu alipunguza kilo saba kwa muda wa miezi minane. Shemeji zake wakaja nyumbani kuuliza kama kuna vita ndani ya nyumba. Ndiyo sababu tunasema tufanye kwa kundi, na watu wa nyumbani wajue tangu siku ya kwanza. Kilo zinazopungua huku zimeandikwa kwenye kaye ya chama, kila mtu ameziona, haziachi nafasi ya uvumi. Lakini zinazopungua zenyewe bila mtu kutaka, huku anakohoa au ana homa au kiu isiyoisha, hizo si za kushangilia. Huyo aende hospitali wiki hiyohiyo.

Tuingie jikoni. Watu wanatuuliza: nitahesabuje, nasi tunakula sahani moja watu sita? Swali ni zuri, na vitabu vingi havilijibu, vinafikiri kila mtu ana sahani yake. Jibu letu ni kuhesabu kwenye sufuria kabla ya moto. Kilo moja ya unga wa mihogo ina kama kalori 3,400. Ukiusonga na kuugawa mafungu manane, kila fungu ni kama 425. Basi unajua umekula fungu moja au mawili. Anayetaka kupungua ajipakulie pembeni, si kwa kiburi, ni ili aone anachokula. Ndani ya sahani ya wote mkono hauhesabu, unashindana.

Halafu mafuta. Hapa tutakaa kidogo. Gramu moja ya unga ina chini ya kalori 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Mawese, ya karanga, ya dukani, yote sawasawa kwa hesabu hii. Kijiko kikubwa kimoja ni kama 120. Glasi moja ya mawese ndani ya sombe ni kama 1,600, yaani karibu nusu kilo ya unga, na hakuna anayeiona kwa sababu imejificha kwenye majani. Majani yenyewe hayana neno. Lengalenga, sombe, kabichi, kula ushibe. Sisi tulianza kupima mafuta kwa glasi badala ya kumimina kutoka kwenye bidoni, tukashuka mpaka nusu glasi. Kwa watu sita, kila mmoja amepunguza kalori 130 hivi kwa mlo mmoja, na ugali haukuguswa. Wiki ya kwanza watoto walilalamika. Baadaye walisahau. Na watoto wadogo waongezewe mafuta kwenye sahani yao, wao wanakua, hesabu hii si yao.

Vinywaji tupite haraka. Chai ya vijiko vitatu vya sukari, mara tatu kwa siku, inaleta karibu 200. Soda ya santilita 33 ni kama 140. Bia kubwa ya 72 inafika 300, na wababa wanajua kama wanaishia kwenye moja.

Basi unapunguza kiasi gani? Kalori 300 mpaka 500 kwa siku kutoka kile ulichozoea, si zaidi. Kilo moja ya mafuta ya mwili inashika kama kalori 7,700, hivyo kwa 500 kila siku unaweza kutoa karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni. Baadaye inapungua mwendo, maana mwili mdogo unatumia kidogo, na usifikiri umelogwa. Mama asishuke chini ya 1,200 kwa siku, baba chini ya 1,500, bila munganga. Anayejinyima mpaka kizunguzungu, tumemwona: siku ya kumi anakula sufuria nzima, na kilo zinarudi na wageni. Andika jioni kwenye kaye yako, mistari mitano sita inatosha. Pima kilo mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, nguo nyepesi. Zikipanda wiki moja usilie, inaweza kuwa maji na chumvi. Angalia mwezi.

Mazoezi nayo ni ya kweli, ila yasikudanganye. Saa nzima ya kutembea kwa haraka inachoma karibu ile bia moja tu. Anayetembea kisha akajilipa kwa maandazi mawili ya mafuta amerudi alipokuwa. Tunatembea kwa sababu mwendo wenyewe unashusha presha na unasaidia sukari hata mizani isiposogea, na unalinda misuli wakati kilo zinatoka. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Mara mbili kwa wiki ongeza kazi ya misuli: inuka kwenye kigoda na kukaa tena mara kumi, pumzika, rudia. Kubeba maji pia ni kazi, na wababa hamkatazwi kuyabeba.

Mambo mawili ya hatari. Anayemeza vidonge vya sukari au kuchoma ensulini asipunguze chakula kabla ya kuonana na munganga, maana sukari inaweza kuanguka ghafula. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha, na mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu, hawa pia wasijiandikishe kwanza. La pili ni vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni kwa wasichana. Vingi ni deksametasone. Vinavimbisha uso, vinapandisha presha na sukari, vinaharibu mifupa. Lakini aliyevimeza miezi mingi asiviache kwa siku moja, mwili unaweza kuanguka. Aende hospitali wamshushe polepole. Dada zetu, njooni mtuambie bila haya. Hatutawasema.

Kundi linaanza Jumatatu. Tunakutana mbele ya ofisi ya chama kukishapambazuka, si kabla, kwa ajili ya usalama, na tunarudi kabla ya soko kufunguka. Njoo na kandambili zilizofungwa nyuma au viatu, na maji. Mizani iko kwa katibu kila Jumamosi asubuhi, na muuguzi wetu atapima presha palepale bila malipo kwa wanachama. Ikitoka 140 kwa 90 au zaidi, atakuita tena siku nyingine kuhakikisha kabla ya kukutuma kituo cha afya. Kaye ziko ishirini. Anayekuja wa ishirini na moja alete yake.