Haki Nayo Yataka Daftari



Ndugu zangu na dada zangu, nimeombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni mtafiti wa sheria na sera za ajira, na ninaowafanyia utafiti ni wabunge. Mheshimiwa akisimama kuuliza swali kuhusu wafanyakazi, au kamati ikikaa kupitia mswada, karatasi aliyoshika mkononi kuna mtu aliyeiandaa. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Karatasi hiyo hujibu maswali manne. Sheria ya sasa yasema nini? Nani anaumia, na ni wangapi? Mahakama zimeamua vipi? Na tukibadilisha, gharama ataibeba nani?

Hebu tuchukue jambo linalotugusa sote: swala ya Ijumaa kazini. Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya dini yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa dini, na kesi ikifika kortini ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Kifungu cha 27 kinampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Vizuri. Sasa kisomeni tena hicho cha 27. Hakitaji ni siku gani, wala hakisemi neno juu ya ile saa moja ya Ijumaa mchana. Hapo ndipo mlinzi wa getini au kijana wa kiwandani anabaki kwa huruma ya supavaiza. Akiwa muungwana, ataswali. Supavaiza akibadilishwa, basi tena.

Kazi yangu ni kuonyesha pengo hilo na njia za kuliziba. Je, turekebishe sheria yenyewe? Waziri atunge kanuni? Au vyama vya wafanyakazi viliweke kwenye mikataba yao na waajiri? Kila njia na uzito wake. Muuguzi akienda kuswali, wodi itashikwa na nani? Saa hiyo italipwa, au itafidiwa jioni? Nikiyaficha maswali haya kwa kuwa mimi ni Muislamu, nimekhini amana. Isitoshe, wapinzani watayauliza kwenye kamati, mheshimiwa akose jibu, na hoja ife papo hapo.

Lakini wallahi, kikwazo kikubwa ni ushahidi. Manung'uniko tunayo tele. Nje ya msikiti utasikia fulani alifutwa, binti fulani aliambiwa avue hijabu kwenye intavyuu. Ukiuliza barua iko wapi, ilikuwa tarehe gani, ni nani aliyesema, kimya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, andikeni. Weka barua, ratiba ya zamu na ujumbe wa simu. Peleka malalamiko ofisi ya leba ili yawe na rekodi.

Pili, tumieni mlango uliopo. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalilazimisha Bunge kushirikisha umma, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni. Kamati ikitangaza kwamba inapokea maoni, peleka yako. Kurasa mbili zinatosha: kifungu gani kina shida, kimemuumiza nani, na mnataka kisomeke vipi. Mkiandika hivyo, mtafiti ana kitu cha kunukuu.

Tatu, ingieni kwenye kazi hii. Someni sheria, uchumi, takwimu. Tuna Bunge la Taifa, Seneti na mabunge 47 ya kaunti, na yote yahitaji watu wa kusoma kwa makini na kuandika kwa insafu. Kelele zetu zasikika barabarani, alhamdulillah. Lakini sheria hupitishwa chumbani, kifungu kwa kifungu, na kule anayesikizwa ni aliyekuja na karatasi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.