MAZUNGUMZO: KUWAFUNDISHA WATOTO VIPIMO KWA VITENDO



Mtoto huujua ukubwa kwa mkono wake kabla ya kuujua kwa tarakimu. Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe na aanze na shubiri: mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima. Kila mtoto apime dawati. Majibu yatatofautiana, kwa kuwa mikono hailingani, na hapo haja ya mita itadhihirika.

Kisha wachore ardhini barabara ya Dar es Salaam hadi Kibaha, kilomita zipatazo 40, kila kilomita ikiwa sentimita moja. Safari nzima haitimizi dhiraa!

Asiyejua skeli leo, kesho atauziwa kiwanja kwa ramani asiyoweza kuisoma. Bara na Visiwani ni mamoja.