Alama Zisipotee Njiani: Mipangilio ya Kifaa cha Kurekodi Njia ya Bomba
(Maelezo ya fundi katika mkutano wa kata)



Vijana wetu wameunganisha kwa mikono yao vifaa vya kurekodi njia ya bomba: bodi ya Arduino Uno, kipokezi cha GPS aina ya NEO-6M, kadi ya kumbukumbu na betri. Kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, ramani yenye mapengo humpotosha fundi. Atachimba pasipo na bomba, na valvu iliyofukiwa itabaki haijulikani ilipo. Pikipiki yenye mwendo wa kilomita 36 kwa saa hupita mita 10 kila sekunde. Zikipotea sekunde tatu, mita 30 za bomba hazimo.

Mara nyingi lawama huangukia satelaiti, kumbe taarifa ilifika salama ikapotelea ndani ya kifaa. Kwa mpangilio wa kiwandani, kipokezi huweza kupitisha herufi 960 kwa sekunde. Bodi huzipokea katika hifadhi ya muda yenye nafasi ya herufi 64 tu. Kadi nayo, inapoandikwa, huweza kusita kwa sehemu ya kumi ya sekunde, muda unaotosha herufi 96 kuwasili. Zinazokosa nafasi hupotea, na sentensi nzima huharibika. Kibaba hakiwezi kubeba pishi.

Basi tuzingatie mambo manne.

Kwanza, tupunguze mzigo. Kipokezi hutuma aina sita za sentensi, nasi twahitaji mbili: RMC, yenye tarehe, saa, mahali na mwendo, na GGA, yenye mwinuko na idadi ya satelaiti. Nyingine zizimwe. Amri hiyo itumwe na programu kila kifaa kinapowashwa, kwani kipokezi huweza kusahau mipangilio umeme ukikatika.

Pili, programu isiandike kwenye kadi wakati sentensi zinaingia. Sentensi hizo mbili humalizika chini ya robo ya sekunde. Baada ya hapo kipokezi hunyamaza, na huo ndio wakati wa kuandika.

Tatu, kumbukumbu ifungwe salama kwenye kadi kila baada ya sekunde 10. Betri ikichomoka, hasara haitazidi sekunde hizo.

Nne, mistari isiyo na mahali isifutwe. Katika RMC, herufi A huonesha kuwa mahali pamepatikana, na V kuwa hapajapatikana. Mstari wenye V hutueleza kuwa tatizo ni miti au bonde. Mstari usiokuwepo kabisa hutueleza kuwa tatizo ni kifaa.

Kabla ya kwenda bombani, kila kifaa kiachwe uwanjani kwa saa nzima, kikirekodi mara moja kwa sekunde. Ihesabiwe mistari ya RMC: inapaswa kuwa 3,600. Ikipungua kwa idadi ya kuonekana, kifaa kirudi mezani. Afadhali kuchelewa saa moja leo kuliko kuchimba mtaro mzima bure kesho, huku kina mama wakisubiri maji.