Sura Iwe Ushahidi wa Mwisho: Kukusanya na Kutambua Picha za Zamani za Ukoo



1. Utangulizi

Nyumba nyingi za pwani yetu zina picha za watu wasiojulikana tena majina. Mwenye picha alishafariki, waliomjua wakamfuata, na wajukuu wamebaki kubishana: "Huyu ni babu, hebu tazama pua yake." Mada hii inaipinga njia hiyo. Ndugu hufanana, na taa za studio hubadili uso. Tuanze na karatasi, twende kwenye kilichomo pichani, kisha tuwaendee wazee. Sura ije mwisho.

2. Kukusanya

Picha za ukoo hazikai nyumba moja. Studio ilitoa nakala kadhaa, moja ikabaki Unguja, nyingine ikapelekwa Mombasa au Muscat kwa jamaa. Nakala yako haina neno, lakini ya shangazi huenda ina jina kamili nyuma. Kwa hiyo usiombe kupewa picha. Omba kuinakili, mbele na nyuma. Andika ilikuwa kwa nani, katika albamu gani na kando ya picha ipi, kwa sababu mpangilio wa albamu nao ni ushahidi. Iliyogandana na kioo usiibandue, inakili ikiwa humo humo. Ukitaka kuandika nyuma, tumia penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele.

3. Kusoma karatasi

Geuza picha kwanza. Muhuri wa studio hukupa mji na kipindi. Mwishoni mwa karne ya 19, wapigapicha wenye asili ya Goa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho walifanya kazi Unguja, na majina yao yalichapwa kwenye kadi ngumu zilizobandikwa picha. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Unguja mwaka 1930, na studio ya Parekh ya Mombasa mwaka 1942. Picha yenye muhuri wa Parekh, isipokuwa ni nakala ya picha ya zamani zaidi, haiwezi kuwa ya harusi ya mwaka 1925, hata mzee aape.

Postikadi nazo zina alama ya kipindi. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande wa anwani ugawanywe ili ujumbe uandikwe hapo, Ujerumani ikafuata mwaka 1905. Lakini maelezo yaliyochapwa kwenye postikadi yasikudanganye. Nyingi ziliuzwa kwa wageni kuonyesha "aina za watu", na waliopigwa hawakutajwa majina.

Kwa karatasi isiyo na muhuri, zima taa, kisha uimulike kwa taa ya kukagulia noti bandia. Ikiwaka weupe wa samawati, karatasi ni ya miaka ya 1950 au baadaye, kwani ndipo viwanda vilipoanza kuitia dawa ya kung'arisha. Isipowaka, hujathibitisha kitu. Kumbuka pia kwamba picha ya kale huweza kuchapwa upya kwenye karatasi mpya.

4. Kusoma kilichomo

Studio ilikuwa na suti, tai, saa na redio za kuazima, na Bakor Studio ya Lamu ilisifika kwa kuunganisha picha mbalimbali kuwa moja. Redio iliyo mezani basi haithibitishi kwamba babu alikuwa nayo. Vazi nalo si mahali: picha mashuhuri za Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyejulikana pia kama Emily Ruete, akiwa na mavazi ya Kizanzibari zilipigwa Hamburg.

Vitu visivyoazimwa ndivyo vya kuaminika zaidi. Jengo la Beit al Ajaib la Unguja, la mwaka 1883, likionekana nyuma, tafuta mnara. Ukisimama peke yake mbele ya jengo, picha ni ya kabla ya ukarabati uliofuata mabomu ya Waingereza ya Agosti 1896. Mnara wa saa ukiwa sehemu ya jengo, ni ya baadaye. Tazama na kanga pia: maneno ya kanga za mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na za Kilatini zikaja baadaye.

5. Kuwauliza wazee

Muulize kila mzee peke yake, wala usimtilie jina mdomoni. Usiseme, "Bibi, huyu si Mzee Salim?" Sema, "Bibi, niambie unachokiona." Akitaja nyumba, safari au msiba, andika yote. Majina hurithiwa, mjukuu hupewa la babu, kwa hiyo "Said bin Salim" wanaweza kuwa watatu katika ukoo mmoja. Na "babu" iliyoandikwa nyuma ni babu wa mwandishi, si lazima wako. Tafuta kwanza hati ni ya nani.

6. Stara

Katika nyumba nyingi za Waislamu, picha ya mwanamke asiyejifunika ilikusudiwa macho ya jamaa wa karibu. Kuitupia kwenye kundi la WhatsApp kwa swali la "nani anamjua?" ni kuvunja stara ya marehemu. Omba idhini kwa watoto wake.

7. Mapendekezo

Napendekeza kila jina liandikwe pamoja na daraja lake: limethibitishwa, lina uwezekano, au ni dhana, na likiwa na jina la aliyelisema. Mfanano wa sura ukiwa peke yake ubaki dhana. Ingawa nimetanguliza karatasi, yenyewe inaweza kusubiri mwaka mwingine, mzee hawezi. Mwenye mzee nyumbani aanze naye wiki hii.