JE, DISPENSARI YAKO YAKUTIBU, AU YAKUPA DAWA TU?

(Maneno ya hotuba iliyosemwa mbele ya wanachama, Nairobi)



Nimeombwa niseme juu ya matibabu. Sitasema juu ya Hospitali ya Kenyatta, maana huko mtu hufika mara chache. Nitasema juu ya mlango mdogo tunaoubisha kwanza: dispensari za huko kwetu Kangemi, Kawangware, Riruta na Waithaka, na kliniki za ghorofani hapa mjini. Hapo ndipo ugonjwa hukamatwa ungali mdogo, au huachwa ukakomaa.

Jambo hili lahusu mfuko wako. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, kwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Apataye shilingi 20,000 kwa mwezi hukatwa 550. Kwa mwaka ni 6,600. Matibabu ya dispensari na vituo vya afya yamewekewa fungu lake jingine la fedha za serikali, na hizo nazo ni kodi yetu. Ukinunua unga dukani hutazama mizani. Mbona matibabu tuliyokwisha kulipia hatuyapimi?

Au twayapima vibaya. Tukiona rangi mpya na kiti cha kung'aa, twasema hapa pazuri. Tukidungwa sindano na kupewa vidonge vya rangi tatu, twasema daktari huyu ni hodari. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwaka 1966 Daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika kwamba matibabu yapimwe kwa mambo matatu: vitu vilivyopo, kazi inayotendwa, na matokeo yake. Mizani hiyo yatufaa hata sisi.

Kwanza, vilivyopo. Tazama ukutani: je, leseni ya mwaka huu imetundikwa? Je, yako maji ya kunawia mikono? Je, sindano inafunguliwa mpya mbele ya macho yako? Hayo ni ya lazima, lakini ukuta hauponyi mtu.

Pili, kazi inayotendwa. Hapa ndugu sikilizeni sana. Ukienda na kikohozi, yule aliyeketi mezani yampasa akuulize: ni siku ngapi? Unatoa damu? Unatoka jasho usiku? Umekonda? Kama kikohozi hakikomi, na makohozi hayakupimwa, nawe ukapewa chupa ya dawa tamu ukaenda zako, basi hukutibiwa. Huenda ni kifua kikuu, nawe utakipeleka nyumbani kwa watoto.

Ukienda na homa, usikubali kuambiwa ni malaria kabla damu haijapimwa. Nairobi iko juu na ina baridi; malaria hapa si nyingi, na wengi wanaougua wametoka safari ya pwani au upande wa ziwa. Kwa hiyo mganga ajuaye kazi atakuuliza kama ulisafiri. Mtoto apimwe uzito. Mtu mzima apimwe presha, kwa maana presha hukaa mwilini bila maumivu mpaka siku inapokuangusha. Na ukiwa na mafua ya kawaida ukanyimwa antibaiotiki, usikasirike. Dawa hizo haziponyi mafua, na huyo aliyekunyima pengine ndiye anayekutakia mema.

Tatu, matokeo. Uliambiwa urudi lini? Uliambiwa dalili gani ni za hatari? Ulipozidiwa, ulipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, au ulirudishiwa vidonge vile vile? Jueni pia kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini yataka cheti cha daktari. Ukitoka bila cheti, mshahara wako umo hatarini.

Sasa ndugu, tusimgeukie nesi kwa matusi. Uchunguzi wa vituo vya afya vya Kenya, uliotolewa mwaka 2013 na Benki ya Dunia pamoja na wenzake, ulikuta kwamba zaidi ya mhudumu mmoja katika kila wanne hakuwapo kazini siku ya kukaguliwa. Wengi wa hao walikuwa na ruhusa. Basi tusiseme ni uvivu. Ni mpango mbaya, na mpango huo haupangwi na nesi. Yeye anayebaki peke yake mbele ya foleni ni mfanya kazi kama sisi. Madaktari waligoma siku 100, toka Desemba 2016 hata Machi 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2013. Madai yao na yetu ni ndugu.

Naomba basi tufanye neno moja. Tawi liwe na daftari. Kila mwanachama akitoka kutibiwa aandike: nilifika saa ngapi, niliingia saa ngapi, niliulizwa nini, nilipimwa nini, dawa gani ilikosekana, nililipishwa nini. Asiandike jina la nesi, wala jina la ugonjwa wake. Vituo vya serikali vina kamati zenye wawakilishi wa wananchi. Baada ya miezi mitatu, wajumbe wetu walipeleke daftari mbele ya kamati hizo na kusoma tarehe kwa tarehe. Mtu mmoja akinung'unika huambiwa ana hasira. Kurasa 40 zilizoandikwa na watu mbali mbali hazijibiwi hivyo.

Daftari liko mezani kwa Katibu, na kalamu iko.